Fundi Cherehani Aliyeogopa Sindano

Siku ya kuniaga mlinikatia keki iliyoandikwa "Sista Ufrasia", nami nikaila bila kulalamika. Jina langu ni Eufrasia, lakini katika miaka yote niliyofanya kazi pale kliniki hakuna aliyewahi kuliandika sawasawa, na keki yenyewe ilikuwa tamu. Baada ya keki, mmoja wenu, yule dada aliyekuja majuzi kutoka chuoni, akaniuliza ni mgonjwa gani ninayemkumbuka kuliko wote. Nikamjibu kwa mzaha, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri soda. Sasa niko nyumbani, mlangoni hakuna foleni, na nimeona nimjibu vizuri. Itabidi nianzie mbali kidogo, siku yangu ya kwanza, kwa kuwa bila niliyofundishwa siku ile nisingejua la kufanya na Zaituni, ndiye mgonjwa huyo.

Nililetwa Kariakoo nikiwa muuguzi kijana, mtu wa Masasi ambaye hajazoea kelele. Kliniki ya afya ya akili wakati huo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje. Dirisha lilitazama uchochoro wanakopakulia maboksi, na ng'ambo ya uchochoro palikuwa na duka la spika lililopiga muziki kutwa ili wateja waamini kwamba spika zinapiga. Mgonjwa akinong'ona siri yake, ilibidi umwambie arudie kwa sauti.

Aliyenipokea ni Daktari Nirmala. Alikuwa mama mfupi wa Kihindi, mzaliwa wa Kisutu, aliyevaa sari na raba, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu. Mimi nilikuwa nasema, "Tunakwenda kumwita mgonjwa?" Yeye ananijibu, "Tunaenda, sista, tunaenda, ukisema 'tunakwenda' utafika jioni."

Asubuhi ile waliletwa, au tuseme walikuja, watu wawili. Wa kwanza aliletwa na kaka zake akiwa amefungwa kamba mikononi. Alivaa koti refu lililoshonewa panya wa plastiki kila mahali, na hata alipokuwa amefungwa alikuwa anaimba. Kaka zake walisema amechanganyikiwa, anawaaibisha, ameacha kazi ya heshima na sasa anazunguka mitaani akiongea peke yake. Wa pili alikuja mwenyewe. Karani wa ofisi, shati limepigwa pasi, akatuamkia kwa adabu na kukaa pembeni kabisa ya benchi.

Daktari Nirmala alianza na mwenye koti. Alimfungua kamba, akamuuliza kama analala, kama anakula, anaishi na nani, kama kuna mtu amempiga au kama kuna sauti zinazomwamuru. Yule bwana akajibu kila swali kwa utulivu, kisha akasema, "Daktari, mimi nauza sumu ya panya. Nikinyamaza, nani atajua?" Daktari akawageukia kaka zake na kuwaambia warudi na kamba yao nyumbani.

Kisha akamwita karani. Alipoweka mikono mezani niliona ngozi ya vidole imechubuka hadi nyekundu. Alikuwa ananawa. Akiamka ananawa, akishika kitasa ananawa, akimaliza kunawa anahisi bado, ananawa tena. Kufika kazini kulikuwa kumeshamshinda. Alilia kimya kimya huku muziki wa spika ukiendelea.

Walipoondoka Daktari alifunga mlango. "Umeona? Mtaani wangekuambia kichaa ni yule wa panya," akasema. "Watu wakisema huyu si wa kawaida, mara nyingi wanamaanisha wengine hawafanyi hivyo, au ndugu wanaona aibu. Hayo usiyadharau, lakini usiishie hapo. Uliza kama anateseka. Uliza kama maisha yake yamebanwa, kama hawezi tena kufanya analotaka kufanya. Uliza kama kuna hatari, kwake au kwa mwingine."

Nikamuuliza je, mtu akiteseka peke yake inatosha kumwita mgonjwa?

"Nenda kwenye msiba wowote hapa Kariakoo uone watu wanavyoteseka," akanijibu. "Ni wagonjwa? Hapana. Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja, sista. Unakusanya yote, halafu bado unakuna kichwa."

Kwake ndiko nilikojifunza kutibu hofu. Nimewahi kumhudumia bwana wa Kigamboni ambaye kila siku alizunguka mbali kwa barabara kwa sababu hakuweza kukanyaga pantoni, kivuko cha pale Magogoni, na mama aliyeogopa kuku huku amepanga chumba karibu na wanakouzwa kuku. Dawa yao ilikuwa moja. Mnatengeneza ngazi ya hofu, chini yake jambo dogo linalotisha kidogo, juu yake lile kubwa. Mgonjwa anapanda polepole, na katika kila daraja anakaa bila kukimbia mpaka moyo uchoke wenyewe kudunda. Unamfundisha kupumua taratibu na kulegeza mwili. Ni kazi ya subira, na ukiitazama kwa nje unaonekana umekaa tu na mtu mbele ya kuku.

Lakini alinionya kuhusu hofu moja. "Mwenye hofu ya damu na sindano usimlegeze. Hofu nyingine zote zinapandisha presha na kuiacha juu. Hii inaipandisha kidogo halafu inaiangusha ghafla, na mtu anaanguka nayo. Ukimwambia alegee, unamsaidia kuzimia. Huyo mfundishe kukaza misuli." Nikaliweka akilini. Miaka ikapita, yeye akastaafu, sisi tukahamia jengo jipya lenye chumba kisichotazama spika, na kila aliyekuja kwangu akiogopa sindano alikuwa na hofu ya kawaida ya kukunja uso.

Zaituni aliletwa na mkunga wa kliniki ya wajawazito. Ujauzito wake ulikuwa umeshakuwa mkubwa. Alikuwa mwembamba, amejifunga mtandio wa kijani, na futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Mkunga alinieleza mbele yake. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, kichwa ubavuni huku, miguu ubavuni kule. Akibaki hivyo hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida. Daktari wa wazazi anataka apangiwe upasuaji kabla uchungu haujaanza, lakini hata kundi la damu halijulikani, kwa kuwa kila akionyeshwa sindano Zaituni anatoka mbio au anaanguka. "Na hii ni mimba ya pili," mkunga akaongeza.

Mkunga alipoondoka nilimuuliza Zaituni kuhusu ya kwanza. Alisema aliogopa kwenda hospitali, akajifungulia nyumbani kwa jirani. Mtoto hakulia. Yeye mwenyewe alitoka damu nyingi, na alipoona damu ile alizimia, hakukumbuka zaidi.

"Unafanya kazi gani?" nikamuuliza, ingawa futi ilishanijibu.

"Fundi cherehani." Akatazama chini. "Najua, sista. Kila mtu anasema. Nashika sindano kutwa. Zinanichoma vidole kila siku, hata sishtuki. Mama mkwe anasema ni kiburi. Mume wangu alinipeleka kwa mtu akanisomea, akasema ni jini hapendi vyuma. Nikamwambia, kama hapendi vyuma, mbona cherehani analipenda?"

Nilijizuia nisicheke. Nikamuuliza kama kuna mwingine kwao mwenye hali hiyo. Akafikiri.

"Baba. Sikukuu ya kuchinja alikuwa anatoka nyumbani asubuhi mpaka nyama iwe jikoni. Mara moja alichelewa kutoka, akaanguka pale pale pembeni ya mbuzi. Kule kwetu Newala wanamwita mtu wa huruma."

"Basi umemrithi baba yako," nikamwambia. Nikamweleza mambo ya presha kama nilivyoelezwa na Daktari Nirmala: kwamba hofu hii mara nyingi inatembea katika ukoo, kwamba mwili wake unashusha presha haraka kupita kiasi akiona sindano, na kwamba kiburi hakishushi presha. Alinisikiliza akiwa amefunga mdomo kwa ncha ya mtandio. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia kwamba kuanguka kwake kuna sababu.

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa wa akili?" akauliza.

Mtaulizwa swali hilo mpaka mstaafu. Nilimwambia watu wengi wanaogopa sindano na sina haja nao. Yeye nina haja naye kwa sababu hofu hii imeshamchukulia kitu na inataka kumchukulia kingine. Jina la ugonjwa lipo, na likimsaidia nitampa, lakini tulikuwa na kazi ya haraka kuliko jina.

Tukaanza siku ile ile. Nilimfunga mashine ya presha mkononi nikamfundisha kukaza: mikono, mapaja, makalio, tumbo asilikaze kwa sababu ya mtoto. Unakaza kama mtu anayebeba ndoo mbili, mpaka usikie uso unapata joto, halafu unaachia kidogo bila kulegea kabisa. Unapumzika, unarudia. Alipoona namba za presha zinapanda kwa nguvu zake mwenyewe alitabasamu kidogo. Nikamwambia afanye mazoezi akiwa kwenye cherehani. Alifanya. Baadaye fundi mwenzake alimuuliza mbona anashona kama anagombana na kitambaa.

Ngazi yetu tuliichora nyuma ya karatasi ya mitindo ya madera. Chini kabisa aliweka kusikia neno "bomba", lile la kuchomea sindano, maana neno "sindano" lilikuwa limeshazoeleka kwa kazi yake. Juu kabisa aliweka ganzi ya mgongoni, na alipoiweka rangi ilimtoka, ikabidi nimlaze kwa ubavu na kumkazisha mikono.

Daraja baada ya daraja akapanda. Alitazama picha. Alitazama bomba lisilo na sindano likiwa dirishani, kisha mezani, kisha mkononi mwake. Nilimfunga mpira wa kupimia damu juu ya kiwiko, naye akakaza mkono wa pili na mapaja. Siku moja nilimwita kijana wa maabara atoe damu yangu mbele yake. Kijana akakosa mshipa, akanichoma tena, na mimi nikawa natabasamu kama bibi harusi huku nikimlaani kimoyomoyo. Zaituni alitazama mpaka mwisho. Alikuwa mweupe midomo, lakini alikuwa amekaa.

Nami nilikuwa na hofu yangu ambayo sikumwonyesha. Hofu za watu wengine nilizitibu kwa kuzipa muda, na muda ndio ambao hatukuwa nao. Kila alipoondoka niliwaza uchungu umeanza mtaani kwao, mtoto bado amekingama, kamba ya kitovu imetangulia. Nyumbani nilikuwa napika na kusahau chumvi.

Siku tuliyopanga kumchoma kidoleni hakuja. Wala kesho yake. Mkunga alimpigia, simu haikupokelewa. Nikavua koti la kazi, nikatoka kwa miguu kwenda kumtafuta.

Barazani alikokuwa akishonea nilikuta cherehani limefunikwa kanga. Fundi mwenzake alinielekeza kwao, nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji wengi upande wa Gerezani, karibu na magereji. Uani nilimkuta mama wa makamo akipepeta mchele. Huyo ndiye Bi. Mwanahawa, mama mkwe. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniambia Zaituni hataki kuonana na mtu.

Yaliyotokea alinieleza Shabani, mume wa Zaituni, aliyekuja kutoka kwenye kibanda chake cha spea akiwa na mikono ya grisi. Yeye na mama yake walikuwa wameogopa kwamba siku zinakwisha na mimi nacheza na mabomba matupu. Wakamwambia Zaituni wanaenda kuangalia kitanda cha mtoto. Wakampitisha kwenye zahanati moja ya mtu binafsi, na ndani wanaume wawili wakamshika mabega ili atolewe damu kwa nguvu. Zaituni alipigana, kisha akazimia, akaponyoka mikononi mwao na kujigonga shavu kwenye ukingo wa kabati. Damu ya kupima haikupatikana. Ya shavuni ilipatikana.

"Nilitaka kumsaidia, sista," Shabani akasema. Alikuwa kijana mkubwa wa mwili, na alisema hivyo akitazama mikono yake.

Hapo nilikasirika. Nilimgeukia Bi. Mwanahawa nikamwambia kwamba kazi yote tuliyofanya wameivunja kwa asubuhi moja, kwamba sasa si sindano tu anayoiogopa, anawaogopa na wao.

Bi. Mwanahawa aliweka ungo chini. "Sista, wewe una watoto?"

"Ninao."

"Wa kwanza wa huyu, mimi ndiye niliyemwosha. Mwili mzima, nywele nyingi, kucha zake kamili. Nikamvisha sanda inayotosha kwenye mikono yangu." Alinyosha viganja kunionyesha. "Halafu unaniambia nikae nisubiri mtu azoee picha ya sindano. Kila akigeuka usiku namsikia kupitia ukuta. Nafikiri, ndiyo leo. Mimi silali."

Hasira yangu iliisha pale pale. Tulikuwa wanawake wawili tulioogopa kitu kimoja. Nikamwambia, "Dada, mimi pia nasahau chumvi." Akanitazama kama nimechanganyikiwa mimi, kisha nadhani akaelewa, akasogeza kigoda.

Nilizungumza na Zaituni kupitia mlango wa chumba chake. Sikumwomba afungue. Nilimwambia najua walichomfanyia, na kwamba mimi sitamshika kamwe. Sindano itakayomwingia ataiingiza yeye kwa kusema ndiyo. Nikamwambia pia ukweli wa upande wa pili, kwamba mtoto bado amekingama na mkunga ana wasiwasi, nami pia. Kisha kutoka ndani akauliza, "Na nikisema hapana?"

"Nitaendelea kukuambia ukweli."

Nikasikia kitasa. Shavu lilikuwa limevimba na jicho moja limefumba.

"Mama asije," akasema.

"Mama yuko hapo nyuma yangu," nikajibu, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi ukweli. Bi. Mwanahawa alikuwa amesimama kwenye korido na kipande cha kanga mdomoni. Akasema, "Nisamehe, mwanangu." Alisema mara moja tu, na kwa sauti ndogo, lakini kwa mama wa aina yake lile lilikuwa jambo kubwa.

Kuanzia hapo nilimpa Bi. Mwanahawa kazi. Nimegundua ndugu mwenye hofu akikosa kazi anatafuta yake mwenyewe, na huwa mbaya. Yake ilikuwa kukaa na Zaituni jioni na kumwambia "Kaza," kisha "Achia kidogo." Aliifanya kwa bidii iliyopitiliza. Wapangaji wenzao walianza kuuliza ni jeshi gani limehamia mle ndani. Lakini Zaituni alirudi kliniki, akaanza tena karibu na chini ya ngazi, na safari hii alipanda haraka, kama mtu anayerudi kwenye nyumba anayoijua. Alichomwa kidole, akabaki amekaa. Kisha akanyosha mkono mwenyewe kwa kijana wa maabara, macho yamemtoka, mkono wa pili umekaza kama jiwe, akasema, "Haya. Sasa." Mshipa ukapatikana mara ya kwanza. Kijana alitetemeka kuliko yeye.

Upasuaji ukapangwa. Uchungu haukusubiri.

Ilikuwa asubuhi, nimeshaita mgonjwa wa kwanza. Mkunga akanipigia: Zaituni ameletwa hospitali ya wilaya kwa bajaji, uchungu umeanza, mtoto bado amekingama, anapelekwa chumba cha upasuaji, na anasema haingii bila mimi. Nilimwomba msamaha mgonjwa niliyekuwa naye nikatoka. Foleni ya magari ilikuwa imefungana tangu sokoni. Nilishuka kwenye daladala nikatembea, nikakimbia, nikatembea tena. Mwili wangu haukuwa wa kukimbia. Nikiwa kwenye jua lile niliona wazi kabisa picha ya viganja vya Bi. Mwanahawa.

Msimamizi wa chumba cha upasuaji hakutaka kuniruhusu. Nilimweleza mgonjwa ana nini na atafanya nini wakimshika. Akaniangalia, akanitupia nguo za kijani.

Zaituni alikuwa kitandani amejikunja, jasho linamtiririka. Dripu ilikuwa bado haijafungwa. Aliuweka mkono nyuma ya mgongo. Mtu wa ganzi, bwana mmoja mpole, alikuwa anamwambia kama anavyowaambia wote, "Legea, mama, legea."

"Asilegee," nikasema. Wote wakageuka. Nikamweleza kwa maneno machache: mgongo ataukunja unavyotaka, lakini mikono na mapaja lazima akaze, la sivyo presha itaanguka kabla dawa yako haijaingia. Alifikiri kidogo, akasema basi alale ubavu, na dripu ianze kwanza.

"Zaituni," nikasema, "hakuna anayekushika. Unaona? Mikono ya wote iko juu."

Wakainua mikono, hata daktari wa upasuaji, kama watu waliokamatwa.

Akautoa mkono nyuma ya mgongo. "Kaza," nikamwambia. Dripu ikaingia. Akakunja mgongo, akashika vidole vyangu, na sindano ya ganzi ilipoingia alitoa sauti ndefu nyembamba, lakini hakusogea. Nilitazama mashine ya presha. Ikashuka, ikasita, ikapanda.

Tulikuwa tumesahau jambo moja. Ganzi ilipofanya kazi, miguu yake haikumtii tena.

"Sista! Miguu haikazi! Miguu haikazi, naenda!" Macho yalianza kupinduka. Namba zikaanza kushuka, na mtu wa ganzi akanyosha mkono kuchukua dawa.

"Achana na miguu. Mikono! Nivunje vidole. Kaza, mwanangu, kaza!" Nilijikuta napiga kelele kama mama mkwe wake. Akaminya. Pete yangu iliniingia kwenye nyama, na sikumbuki kama niliumwa. Mtu wa ganzi akamwongezea dawa kwenye dripu, presha ikakaa. Nyuma ya pazia daktari wa upasuaji alikuwa anaongea na msaidizi wake kwa sauti ya chini, "Mguu... hapana, huo mkono... geuza," halafu kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu. Zaituni alinitazama. Aliwahi kukisikia kabla.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, bila kupumzika, kama mtu aliyeamshwa vibaya. Zaituni akasema, "Ni huyo?" Nikamwambia ni huyo. Akauliza tena, "Ni huyo kweli?"

Nje, Shabani alikuwa amekaa sakafuni. Bi. Mwanahawa alikuwa wima mlangoni, na nilipomwambia ni msichana na wote wazima, hakushangilia. Alinyosha viganja vyake akavitazama, akaketi polepole kwenye benchi, akaanza kulia.

Chanjo ya kuzaliwa alipewa mtoto wodini akiwa amepakatwa na bibi yake, Zaituni akiwa ameelekea ukutani, amekaza. Zile za pajani, zinazofuata baadaye, alisema atampakata mwenyewe. Akaniomba niwepo. Nikamwahidi, na siku ile, kama ilivyo desturi ya kazi yetu, mgonjwa mmoja aliletwa akiwa katika hali mbaya na nikachelewa.

Nilipofika kliniki ya watoto niliona watu wamezunguka benchi. Katikati alikuwa Zaituni, amelala chali, miguu imeinuliwa juu ya begi la nepi, muuguzi anampepea kwa kadi ya mtu. Pembeni Bi. Mwanahawa alikuwa amemshika mtoto anayelia, paja limebandikwa pamba.

"Umechelewa, sista," Zaituni akasema kutoka pale chini. Midomo ilikuwa haina rangi, na alikuwa anacheka.

"Nani alimpakata?"

"Mimi. Mpaka sindano ikatoka. Niliitazama, sista."

"Sasa hapa unafanya nini?"

"Nimezimia."

Nikamgeukia Bi. Mwanahawa. Alikuwa anambembeleza mjukuu begani, kanga imemwanguka, na uso wake ulikuwa na fahari ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu ambaye mkwewe ameanguka mbele za watu.

"Amenipa mtoto kwanza," akasema. "Akanitazama, akaniambia, 'Mama, mshike vizuri, mimi sasa naanguka.' Nikamshika. Ndipo akaanguka."